Kumtafutia Laurenti Babu Mtulivu

Benchi letu ni ubao wa tela ya trekta uliolazwa juu ya mawe mawili, hapa Unyambwa, ukutani mwa mashine ya kukamua alizeti ya Benjamin. Benjamin tunamwita Pawa, kwa sababu umeme ukikatika ndiye anayelia kwanza. Mashine ikinguruma tunapiga kelele, ikinyamaza tunaendelea kupiga kelele kwa mazoea. Bi Sikudhani huleta birika la kahawa na sahani ya kashata saa nne asubuhi. Wa kudumu wengine ni Gasto, aliyefagia wodi za hospitali miaka ishirini na sita na ambaye tangu hapo anaona ndani ya watu, kwa hiyo ni Eksirei. Na Deo wa bodaboda, Chaji, maana simu yake haijapata kufika jioni ikiwa hai. Mimi ni mdogo wa marehemu Laurenti wa Mgori, na daftari la ukoo liko kwangu. Alhamisi hiyo lilikuwa kwenye mfuko wa koti, kwa sababu mtoto wa kaka yangu, Raymond, alinipigia alfajiri akasema nije nalo.

Raymond alifika amevaa shati la kazini, uso umekunjamana.

Raymond: Shikamoo baba mdogo. Shikamooni wazee.

Sisi: Marahaba.

Chaji: Vipi bro. Mbona kama umeamka na mkopo?

Raymond: Afadhali mkopo. Ni Laurenti.

Laurenti huyu ni mwanawe wa miaka tisa, darasa la tatu, aliyepewa jina la babu yake, kaka yangu. Raymond alitoa barua mfukoni, akaikunjua juu ya goti.

Raymond: Imetoka kwa Mwalimu Flora, yule wa watoto wenye shida ya kujifunza. Anataka mimi na mama yake tumpeleke Jumamosi saa tatu, amwangalie kwa utulivu. Darasani hakai. Akisomewa hadithi anakumbuka mpaka jina la mbwa. Akipewa kitabu asome mwenyewe, anatoka jasho, halafu anatoka dirishani.

Eksirei: Dirishani?

Raymond: Mara mbili juma hili.

Pawa: Basi mpeleke. Shida iko wapi?

Raymond: Mama yangu. Amesema tatizo ni jina. Jumamosi hiyohiyo, saa tatu hiyohiyo, amepanga kuchinja mbuzi kule Mgori, jina la babu litolewe, mtoto apewe lingine. Mke wangu Damari naye kasema nikienda kwenye mbuzi, yeye anakwenda kwa mwalimu na mtoto, na nikirudi nisimkute. Toka jana haniongeleshi. Chakula anaweka mezani anaondoka.

Bi Sikudhani: Chakula bado anaweka?

Raymond: Anaweka.

Bi Sikudhani: Basi hajafika mbali. Kunywa kahawa.

Kwetu si ajabu. Mtoto akilia usiku mzima au akisumbua, wazee huuliza jina kwanza, kabla ya kuuliza tumbo. Mimi mwenyewe nilibadilishwa jina nikiwa na miezi sita, na ushahidi ni kwamba niliacha kulia. Mama alisema nilikuwa nimeota meno.

Eksirei: Jina haliingii kwenye kichwa, nyie. Mimi nimeona vichwa. Huyo mtoto ubongo umekaa upande.

Raymond: Upande gani?

Eksirei: Alizaliwa vipi? Haraka?

Mimi: Jumatatu, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, mwaka elfu mbili kumi na sita, saa kumi na moja alfajiri. Uchungu ulichukua saa tisa na nusu. Kilo tatu na robo.

Eksirei: Ona! Saa tisa na nusu njiani. Ubongo umechoka kusubiri, ukaegama.

Chaji: Kwa hiyo ukimlaza upande wa pili unarudi?

Eksirei: Wewe kijana nyamaza, hujawahi kushika hata fagio la hospitali.

Pawa: Gasto unazunguka. Sababu inavuma hapa kila siku, huioni. Upepo! Nchi yetu hii upepo wake si wa kawaida. Wazungu wanakuja kuupima na vyuma virefu, sisi tunawazalia watoto ndani yake. Upepo unamwingia mtoto sikioni, ukikosa pa kutokea unashuka miguuni. Sasa miguu yenye upepo utaiweka chini ya dawati?

Mimi: Mwezi wa tatu hapakuwa na upepo. Kulikuwa na mvua.

Pawa: Ulikuja baadaye. Unamtafutaga mtu alikozaliwa.

Chaji: Wazee, mnanisikitisha. Huyu dogo ni kama simu. Prosesa yake kali, memori ndogo. Anataka kufanya vitu kumi kwa pamoja, anaganda. Halafu nyumba yao iko karibu na mnara wa simu.

Raymond: Mnara umejengwa mwaka jana. Hakutulia toka ana miaka mitatu.

Chaji: Labda alikuwa anausubiri.

Tulicheka. Hata Raymond alicheka, halafu akakumbuka barua na kuacha.

Pawa: Anakula nini?

Raymond: Ugali. Mboga. Kuku Jumapili.

Pawa: Kuku gani?

Raymond: Wa kienyeji. Sisi tuko Singida, tule kuku gani?

Pawa: Haya basi. Umewahi kumwona kuku wa kienyeji amekaa? Toka kunakucha anakimbia, anachakura, anapanda ukuta. Unamlisha mtoto mbio tupu kila Jumapili kwa miaka tisa, halafu unashangaa anatoka dirishani. Kuku naye anatokea mlangoni?

Eksirei: Kuku ni jambo dogo. Mimi nataka kusema kitu ambacho sijawahi kusema hapa.

Bi Sikudhani: Ulisema hivyo Jumanne.

Eksirei: Mawe. Tazameni mji huu, mawe kila upande, makubwa kama maghala. Mawe yale yana chuma ndani. Damu ya mtoto ina chuma. Sasa mtoto akikaa katikati, jiwe la huku linamvuta, jiwe la kule linamvuta. Atatulia? Hata wewe ungekuwa na damu changa ungezunguka.

Chaji: Kwa hiyo shule ihamie Dodoma?

Eksirei: Dodoma kuna mawe pia.

Chaji: Basi Pwani.

Eksirei: Pwani kuna mambo mengine.

Pawa: Na upande wa mama je? Watu hamsemi. Kwa kina Damari hakuna mtu wa namna hiyo?

Raymond aliweka kikombe chini.

Raymond: Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, mzee Pawa. Mama alisema hivyohivyo. Damari akamtajia ndugu zake wote saba mmoja mmoja na shule walizomaliza, halafu akasema, nyie semeni wa kwenu. Mimi nikakaa kimya. Baba mdogo, ndiyo maana nimekuita na daftari. Mama anasema kama jina likitoka, lazima liingie la mtu mtulivu. Nitafutie babu mmoja aliyekuwa anakaa. Mmoja tu.

Nilivaa miwani. Daftari langu lina kurasa mia moja na tisini na mbili, na nililianza mwaka 1981 kwa kuwauliza wazee waliokuwa bado hai. Siandiki nilichosimuliwa na mtu mmoja. Nangoja wa pili akubali.

Mimi: Hango. Baba wa babu yangu. Hapa nimeandika, "mpole, alikaa nyumbani."

Raymond: Huyohuyo!

Mimi: Subiri. "Alikaa nyumbani baada ya kuanguka mara ya tatu kutoka kwenye mti wa asali, msitu wa Mgori, akavunjika nyonga."

Chaji: Mara ya tatu! Ya kwanza na ya pili hakuelewa?

Raymond: Endelea, baba mdogo.

Mimi: Sungi, mdogo wake. Alitumwa kufuata chumvi. Safari ya siku nne. Alirudi baada ya miaka minne na mke, bila chumvi.

Pawa: Huyo hakuwa na shida. Huyo alipata kitu cha maana zaidi.

Mimi: Ntandu. Huyu ni wa kwanza kuingia darasa la ubatizo, mwaka 1938. Padri alipogeuka kuchukua maji, Ntandu alitokea dirishani na kanzu nyeupe. Kanzu haikurudi.

Hapo benchi lilitingishika kwa kicheko. Bi Sikudhani alishika birika lisimwagike.

Eksirei: Dirishani! Raymond, dirishani! Kumbe ni njia ya ukoo!

Raymond alikuwa anafuta machozi.

Raymond: Baba mdogo, wa nne. Nakuomba.

Mimi: Msengi. "Alikaa juu ya jiwe mchana kutwa, hakusumbua mtu."

Raymond: Asante Mungu.

Mimi: "Alikuwa amelala. Fisi walichukua ndama wawili mbele yake."

Raymond: Mama hawezi kukubali Msengi. Wale ndama anawataja mpaka leo.

Chaji: Lakini wazee, huu ukoo ulifikaje mpaka leo? Nauliza tu kwa heshima.

Raymond aliinama akatazama daftari.

Raymond: Na baba je? Ameandikwaje? Nisomee kama alivyo.

Sikuwa nimejiandaa kusoma ukurasa wa kaka yangu mbele ya watu. Nilisoma.

Mimi: "Laurenti. Alizaliwa 1951. Shule alianza mara tatu, aliachishwa mara tatu. 1973 alimwoa Febronia. 1974 aliandikishwa darasa la elimu ya watu wazima, akatoroka siku ya pili. Hajui kusoma." Halafu mstari unaofuata: "1979, karani wa mizani, ghala la mazao la kijiji."

Pawa: Mimi nimepimiwa na yeye! Alizeti yangu ya kwanza. Mwandiko wake ulikuwa umenyooka kama mistari ya shamba. Na aliandika amesimama. Miaka yote ile sikumwona kaka yako amekaa. Kiti kilikuwepo pale ghalani, tulikuwa tunawekea kofia.

Raymond: Mimi namkumbuka ananisomea gazeti huku anazunguka nyumba. Nilikuwa namfuata nyuma ili nisikie. Nilidhani baba wote ndivyo wanavyosoma.

Bi Sikudhani alikuwa anamimina. Akaacha kumimina.

Bi Sikudhani: Hapo katikati. Sabini na nne hajui, sabini na tisa ni karani. Nani alimfundisha?

Eksirei: Elimu ya watu wazima.

Mimi: Alitoroka siku ya pili.

Pawa: Labda alirudi.

Mimi: Hakurudi. Niliona orodha.

Chaji: Labda alijifunza mwenyewe.

Eksirei: Au ubongo ulirudi mahali pake ghafla. Hutokea.

Nilifunua ukurasa wa mbele, nikarudi nyuma. Hapakuwa na kitu. Nina siku aliyoachishwa shule kila mara, na jina la mwalimu aliyemwachisha. Nimeandika alivyoshindwa, na nani alishuhudia. Lakini miaka ile mitano ilirukwa kati ya mstari mmoja na mwingine. Sehemu ya miaka hiyo mimi nilikuwa bwenini, sekondari, na niliporudi likizo nilimkuta anasoma, nikafurahi, nikaacha kuuliza.

Mimi: Sina.

Chaji: Mzee, wewe? Huna?

Mimi: Sina.

Raymond alitoa simu, akapiga Mgori, akaweka sauti kubwa. Iliita kwa muda mrefu.

Bibi Febronia: Subiri! Nipande kichuguu, hapa chini hamsikiki.

Tulisikia anahema, majani yanakwaruza.

Bibi Febronia: Haya, sema.

Raymond: Shikamoo mama.

Bibi Febronia: Marahaba. Umepata jina?

Raymond: Bado. Niko na baba mdogo hapa Unyambwa. Tumetafuta.

Bibi Febronia: Hamtapata. Nimezaa kwenye ukoo huo, nawajua. Shemeji, hujambo?

Mimi: Sijambo, shemeji.

Raymond: Mama, nina swali. Baba alifundishwa kusoma na nani?

Chaji alinyoosha shingo kuangalia kama simu imezima.

Bibi Febronia: Nani kakuuliza?

Raymond: Tunauliza hapa. Daftarini hakuna.

Bibi Febronia: Haliwezi kuwamo, alinikataza nisiseme. Angekuwa karani gani aliyefundishwa na mke? Mlitaka nani? Ni mimi. Nilikuwa nimefika darasa la nne, ndiyo elimu iliyokuwepo nyumbani. Nikamkalisha, akaondoka. Nikamkalisha, akaondoka. Nilimfungia mlango, akatokea dirishani.

Eksirei alimgusa Chaji kwa kiwiko. Chaji hakucheka.

Bibi Febronia: Siku moja nikasema, huyu kama hakai basi asikae. Nikabeba ndoo, nikamwambia tufuatane kisimani. Njiani nikachora herufi vumbini kwa fimbo, kubwa, kama mtoto wa mbuzi. Yeye anapita juu yake anaitaja. Kwenda tano, kurudi tano. Watu wakasema Febronia kamteka mumewe, wanakwenda maji pamoja. Mwaka mmoja na miezi saba, Raymond. Dada yako Yasinta nilimbeba tumboni, nikamzaa, nikambeba mgongoni, bado tunachora. Alipoandika jina lake mwenyewe alikuwa anatembea kinyumenyume, akaanguka kwenye mtaro.

Pawa: Mungu wangu.

Raymond: Mama, sasa kwa nini unataka jina litoke? Ulimweza.

Bibi Febronia: Ndiyo sababu, baba. Nilimweza mmoja. Nina miaka sabini. Nikimwangalia yule mtoto anavyozunguka ua wangu, najua kilichobaki ni nini, na najua ni nani atakayeambiwa. Magoti haya hayana njia nyingine ya kisimani. Mbuzi ni rahisi.

Raymond aliishika barua, akaielekeza kwenye simu kana kwamba mama yake angeiona.

Raymond: Hakuna atakayekuambia umfundishe. Kuna mwalimu, mama. Ni kazi yake. Amesomea. Jumamosi saa tatu.

Bibi Febronia: Anaitwa nani?

Raymond: Mwalimu Flora.

Bibi Febronia: Anafundisha mtu akiwa amekaa, au wanatembea?

Raymond alisoma barua upande wa mbele, akaigeuza upande wa nyuma uliokuwa mweupe. Alimtazama Eksirei, aliyejua vichwa. Eksirei alimtazama Pawa. Pawa alitazama mashine. Chaji alikuna kichwa.

Raymond: Sijui, mama.

Bibi Febronia: Hujui. Uko na wanaume wangapi hapo?

Raymond: Wanne. Watano na mimi.

Bibi Febronia: Na hamjui.

Raymond: Hatujui.

Bibi Febronia: Mwambie yule kijana wa pikipiki aje kunichukua Jumamosi saa kumi na mbili kamili asubuhi, asiendeshe kama mwehu. Huyo mwalimu nitamwuliza mwenyewe. Akisema amekaa, mimi na yeye tutazungumza. Na mbuzi yule abaki malishoni, simchinji. Haya, nateremka kichuguu.

Simu ikakatika. Chaji alikuwa ameshasimama anaangalia tairi la nyuma la pikipiki, analibonyeza kwa kidole gumba.

Raymond alikunja barua. Kahawa yake ilikuwa nusu.

Mimi: Unakwenda wapi? Unaweza kumpigia Damari.

Raymond: Hili si la simu, baba mdogo. Nataka anione ninavyosema.

Aliondoka kwa miguu, haraka, anakata katikati ya magunia ya alizeti badala ya kuyazunguka. Pawa aliwasha mashine. Eksirei akaanza kueleza kwa sauti kubwa kwamba visima vya zamani vilichimbwa kwenye mawe, na kwamba hiyo inathibitisha jambo fulani. Mimi nilimwomba Bi Sikudhani anisogezee sahani ili nipate pa kuegemeza daftari, nikatafuta nafasi kati ya 1974 na 1979. Ilikuwa nyembamba. Niliandika kwa herufi ndogo: "Alifundishwa na Febronia, njia ya kisimani." Halafu, kwa kuwa sijawahi kuandika neno la mtu mmoja bila wa pili, niliacha peni wazi na kujiuliza ni nani mwingine aliyewaona wakipita.

Bi Sikudhani: Unangoja nini?

Mimi: Shahidi.

Bi Sikudhani: Andika. Mama yangu alikuwa anateka maji kisima kilekile cha Mgori. Alirudi siku moja akasema, wale wawili wamepoteza nini pale chini, kila siku wanakitafuta?

Nikaweka nukta.